NCLEX, CBT na OSCE, au Prometric: muuguzi wa Nairobi aanze na mtihani gani?

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, mara nyingi usiku, kutoka kwa mtu aliyetoka zamu sasa hivi au aliyekaa nyumbani miezi baada ya intanshipu: "Sista, wenzangu wanafanya NCLEX, wengine wanaenda Uingereza, binamu yangu yuko Riyadh. Mimi nianze na gani?" Huwa sijibu papo hapo. Huuliza kwanza kuhusu pesa, kuhusu Kiingereza cha kuandika, kuhusu watoto na wazazi, na kuhusu namna mtu alivyozoea kufanya kazi wodini. Hapa nimeandika yote ninayouliza, kwa yule ambaye bado yuko njia panda. Kwa kifupi: NCLEX ni mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani na Canada, CBT (wa kompyuta) na OSCE (wa vitendo) ni ya Uingereza, na Prometric ni jina tunaloita mitihani ya nchi za Ghuba.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja nalisema kwa moyo wote, kwa sababu nimeona wauguzi hodari wakijiona wajinga. Mimi mwenyewe nilianguka NCLEX mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka sita kwenye wodi ya wanaume, mtu wa kuweka branula, ile sindano ya mshipani, hata umeme ukipotea. Kituo kimoja cha maandalizi hapa mjini kilikuwa kimeniuzia rundo la maswali ya fotokopi, ya zamani, ambayo hayakufanana hata kidogo na niliyoyakuta kwenye kompyuta. Skrini ilizima baada ya swali la 85, na ripoti iliyofuata ikaonyesha kwamba nilikuwa chini ya kiwango katika usimamizi wa huduma: nani ahudumiwe kwanza, nani apewe kazi gani. Dawa na magonjwa nilikuwa sawa. Kilichoniangusha ni kwamba nilijibu kama muuguzi wa Kenya, na mtihani ulitungwa kwa muuguzi wa Marekani.

Si sisi peke yetu tuliopitia hayo. Januari 2015 mikoa ya Canada, isipokuwa Quebec, iliacha mtihani wake wa kitaifa wa wauguzi ikachukua NCLEX. Mwaka huo wa kwanza, takriban wahitimu 7 kati ya 10 tu ndio waliofaulu jaribio la kwanza, na hao ni watoto wa nchi tajiri yenye vyuo vilivyokamilika. Walioumia zaidi ni wale wa New Brunswick waliosomea uuguzi kwa Kifaransa: waliofaulu mara ya kwanza hawakufika nusu. Mtihani ulikuwa umetafsiriwa kwa lugha yao, lakini vitabu na benki za maswali ya mazoezi vilikuwa karibu vyote kwa Kiingereza. Mwaka 2018 kamishna wa lugha rasmi wa mkoa huo alitoa ripoti akisema haki zao za lugha zilikiukwa. Ujuzi wao haukupungua kati ya Desemba na Januari. Kilichobadilika ni mtihani, nao hawakupewa vifaa vya kuujua. Kwa hiyo ukichagua, chagua mtihani ambao unaweza kupata vifaa vyake halisi na muda wa kuuzoea.

Vigezo nitakavyotumia

Nitauangalia kila mtihani kwa mambo matano: unapima nini hasa, pesa zinatoka lini na mfukoni mwa nani, lugha, muda wa kusubiri na kinachotokea ukianguka, na unakokupeleka. Mshahara sikuuweka kama kigezo cha kwanza, ingawa najua ndio watu huulizia kabla ya yote. Mshahara mkubwa utakaoupata baada ya miaka minne hausaidii kodi ya nyumba ya mwezi ujao.

Njia zote tatu zinaanzia mahali pamoja: Baraza la Wauguzi la Kenya, pale Kabarnet Road, ambalo lazima lithibitishe usajili wako, pamoja na chuo chako kitakachotuma transkripti. Anza na majina. Nina mwenzangu ambaye cheti chake kina majina mawili na pasipoti ina matatu. Kitu hicho kidogo kilimrudisha kwa wakili kuapa hati ya kiapo, kisha chuoni, kisha Barazani, na miezi ikapita. Toa kitambulisho, pasipoti, cheti cha usajili na transkripti, uviweke mezani sambamba, usome herufi kwa herufi.

NCLEX-RN: Marekani, Canada, na sehemu ya njia ya Australia

Kinachopimwa. NCLEX hupima uamuzi. Kompyuta inakupa swali, inapima ulivyojibu, kisha inachagua linalofuata kulingana na uwezo unaouonyesha. Maswali ni kati ya 85 na 150, muda ni saa tano, na mashine hukoma pale inapokuwa na uhakika kwamba uko juu au chini ya mstari. Tangu Aprili 2023 kuna muundo mpya wenye visa vya wagonjwa: visa vitatu, kila kimoja na maswali sita, unasoma faili la mgonjwa na kuamua hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano niliotunga kwa ajili ya kikundi chetu cha kusoma. Una wagonjwa wanne. Wa kwanza amefanyiwa upasuaji juzi na analia kwa maumivu, saba kwa kumi. Wa pili ana ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni yake ni asilimia 90. Wa tatu ana kisukari, anatoka jasho na ameanza kuchanganyikiwa. Wa nne anangoja kuruhusiwa kwenda nyumbani. Utamwona nani kwanza? Wengi wetu hukimbilia oksijeni ya 90, au yule anayelia kwa sababu ndugu zake wamesimama mlangoni. Lakini kwa mgonjwa sugu wa mapafu 90 ni kawaida yake, na maumivu baada ya upasuaji yalitarajiwa. Wa kisukari sukari yake imeshuka, na ubongo haungoji. Kisha swali la pili linafuata: kati ya kazi hizi, ipi utampa msaidizi? Hapo ndipo tunapotea. Kwenye wodi zetu muuguzi mmoja ana wagonjwa thelathini, msaidizi hayupo, na anayemwosha mgonjwa ni dada yake aliyetoka Kitui asubuhi. Marekani kazi zimegawanywa: msaidizi anaweza kupima joto na presha ya mgonjwa aliyetulia, lakini tathmini, mafunzo kwa mgonjwa na maamuzi ni ya muuguzi aliyesajiliwa peke yake. Usipoujua mgawanyo huo utaanguka hata ukiwa bingwa.

Dawa nazo zina majina mengine. Sisi tulifundishwa kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza. Kwenye NCLEX paracetamol ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, pethidine ni meperidine. Andika orodha yako ukutani tangu wiki ya kwanza.

Pesa. Hapa mfuko ni wako karibu mpaka mwisho. Kujiandikisha ni dola 200, na kufanya nje ya Marekani huongeza dola 150. Kwa dola ya karibu shilingi 130, hiyo ni kama 45,000. Juu yake kuna tathmini ya vyeti, ada ya jimbo unaloomba leseni, na benki ya maswali ya mazoezi ambayo mimi naiona ya lazima. Kwa miaka mingi Wakenya walikuwa wakipanda ndege hadi Johannesburg kufanya mtihani huu, na nauli na hoteli vilizidi ada yenyewe. Angalia orodha ya vituo vya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani huu, kabla hujapanga bajeti.

Lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, wa kusoma na kuchagua, huandiki insha. Baadhi ya majimbo hayadai cheti cha lugha ili kukupa leseni, lakini ikifika zamu ya viza utahitaji IELTS, mtihani wa Kiingereza, au unaolingana nao. Imeahirishwa tu.

Muda na kurudia. Ukianguka unasubiri siku 45 kabla ya kujaribu tena, na majimbo mengine yana mipaka yao ya idadi ya majaribio. Ukifaulu, bado kuna foleni ya viza ya ukaazi ya kundi la EB-3, ambayo katika miaka ya karibuni imerefuka mno. Kuna watu waliofaulu na wanaendelea na zamu zao hapa Nairobi mwaka wa tatu. Hilo liweke akilini kabla ya kuacha kazi.

Unakokupeleka. Marekani unaingia na ukaazi wa kudumu, mwenzi wako na watoto wadogo wakiwemo. Leseni hiyo inaheshimika Canada pia, na Australia hutumia NCLEX kama hatua ya kwanza kwa wauguzi wengi wa nje tangu 2020, kisha OSCE yake yenyewe.

Inamfaa nani? Mwenye kipato kidogo cha kudumu, hata cha kazi za muda, anayeweza kusoma peke yake miezi minne hadi sita na asiyebanwa na haraka.

CBT na OSCE: Uingereza

Kinachopimwa. Mtihani huu una vipande viwili vilivyo tofauti kabisa. CBT unaufanyia hapa Nairobi kwenye kompyuta: maswali 15 ya hesabu za dawa kwa nusu saa, kisha maswali 100 ya uuguzi kwa saa mbili na nusu. Majina ya dawa ni yale yale uliyoyasoma KMTC au chuo kikuu, na fikra nyingi zinafanana na zetu. Wengi husema ni rahisi kuliko NCLEX, nami nakubali kwa kipande hiki.

OSCE ndiyo inayohitaji heshima. Unaifanya ukiwa tayari umefika Uingereza, kwa mikono yako, mbele ya mtahini. Vituo ni kumi: vinne vinafuatana kwa mgonjwa mmoja kuanzia tathmini mpaka kukabidhi, vinne ni vya ujuzi wa mikono, na viwili ni vya kuandika kuhusu maadili na utafiti. Wakenya hatuanguki kwa kutojua kuchoma sindano. Tunaanguka kwa kunyamaza. Unaingia, unamshika mgonjwa mkono na kuanza kazi, kama ulivyozoea kwenye foleni ya watu sitini. Mtahini anangoja umwambie mgonjwa jina lako, umuulize jina lake na tarehe ya kuzaliwa, uangalie bangili yake ya mkononi, uulize kama kuna dawa inayomdhuru, uombe ruhusa, ndipo umguse. Kunawa mikono ni hatua inayotazamwa. Chati ya NEWS2, ya kujumlisha alama za hali ya mgonjwa kama mapigo, presha na joto, lazima ijazwe bila kosa, jumla iwe sahihi, na utamke utamwita nani alama zikipanda. Nawahimiza wote: fanyeni zoezi hilo sebuleni, dada yako akiwa mgonjwa juu ya kochi, na useme kila unachokifanya kwa sauti. Utaona aibu siku tatu za kwanza, kisha mdomo utazoea.

Pesa. CBT ni pauni 83. OSCE ni pauni 794, lakini hospitali nyingi za NHS, yaani za huduma ya afya ya serikali, hulipia jaribio la kwanza na kurudisha gharama nyingine, pamoja na tiketi ya ndege. Mzigo wako mkubwa kabla ya kuondoka ni mtihani wa lugha, tathmini ya ombi kwa NMC (baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza), na uthibitisho wa vyeti. Kanuni ya uajiri ya Uingereza hairuhusu ajenti kumtoza mwombaji ada ya kumtafutia kazi. Akikuambia utume laki moja kwa M-Pesa ili "afungue faili", funga mazungumzo.

Lugha. Hapa ndipo mlango ulipo mwembamba. NMC inataka IELTS 7 kwa jumla, na 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza. Kuandika ni 6.5. Mwishoni mwa 2021, kundi la kwanza la mpango wa serikali mbili lilipojaribiwa, Wizara ya Afya ilisema kati ya wauguzi 300 ni 10 tu waliopita. Habari hiyo ilituumiza wengi. Sisi tunazungumza Kiingereza tangu shule ya msingi, ila kuandika insha kwa dakika arobaini kwa mpangilio wanaoutaka ni ufundi wake, na hauji kwa kuzungumza. OET, ambayo maswali yake ni ya hospitali, huwafaa wengine zaidi: unaandika barua ya kumhamisha mgonjwa badala ya insha kuhusu utalii.

Muda na kurudia. Ukipata ajira, safari inaweza kukamilika ndani ya mwaka. CBT hudumu miaka miwili. Ukishafika, mwajiri anatarajia ufanye OSCE ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Una majaribio matatu kwa ombi moja, na ukianguka vituo vichache unarudia hivyo kwa karibu nusu ya ada. Shinikizo ni la aina nyingine kabisa: unaanguka ukiwa ugenini, kwenye baridi, mshahara ukiwa bado wa daraja la chini.

Unakokupeleka. Ukishasajiliwa, mshahara wa kuanzia wa daraja la 5 la NHS kule England ulikuwa zaidi kidogo ya pauni 31,000 kwa mwaka, kabla ya kodi, kwa mwaka wa 2025/26. Nyumba na usafiri, hasa London, hula sehemu kubwa. Sheria za ukaazi zinabadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usimwamini mtu anayekuahidi pasipoti baada ya miaka fulani. Pia kumbuka kwamba Kenya imo kwenye orodha inayoruhusu uajiri wa makundi kupitia makubaliano ya serikali tu, yale yaliyotiwa saini Julai 2021. Wewe mwenyewe bado unaruhusiwa kuomba nafasi iliyotangazwa.

Inamfaa nani? Mwenye mikono mizuri na akiba ndogo, ambaye yuko tayari kupigania alama ya lugha.

Prometric: Saudia, Falme za Kiarabu na Qatar

Kinachopimwa. Hapa Nairobi tunaita yote "Prometric", ingawa kila mamlaka ina mtihani wake: Saudia wana SCFHS, Dubai DHA, Abu Dhabi DOH, na emirati nyingine MOHAP. Ni maswali ya kuchagua kwenye kompyuta, ya uuguzi wa jumla, na yanakaribia zaidi mtihani wa Baraza letu kuliko NCLEX. Anayekumbuka vizuri somo la tiba na upasuaji, uzazi na watoto ana msingi. Kinachosumbua watu zaidi ni DataFlow, uhakiki ambapo kila cheti kinathibitishwa na aliyekitoa. Hospitali ya zamani isipojibu barua pepe, faili lako linalala. Nenda mwenyewe ofisi ya rasilimali watu, uongee na anayeshughulika, umwachie namba.

Pesa. Ada za uhakiki na mtihani ni zako mara nyingi, lakini hakuna IELTS ya kulipia katika nafasi nyingi, na mwajiri wa kweli hulipa tiketi na nyumba.

Muda na kurudia. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote tatu kwa mwenye uzoefu. Tatizo ni kwamba waajiri wengi hudai miaka miwili kazini baada ya usajili, kwa hiyo aliyemaliza intanshipu jana hapiti. Leseni ya Saudia haikupi Dubai moja kwa moja.

Unakokupeleka. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, na asiye na starehe nyingi anaweza kujenga nyumbani. Mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili, ukaazi wako umefungwa kwenye kazi, na uraia usiuwazie. Hospitali nyingi za huko zina ithibati ya JCI, shirika la Marekani la kukagua ubora wa hospitali, kwa hiyo uzoefu wake unahesabika ukihamia kwingine. Thibitisha kwamba wakala ana leseni ya National Employment Authority, na usome mkataba kabla ya kusaini, hasa saa za kazi na siku za likizo. Ni kazi ya wodini tu unayosaini. Nyumba ya mtu binafsi ni mkataba mwingine kabisa.

Inamfaa nani? Mwenye miaka miwili au zaidi ya wodi, mwenye deni au wadogo wa kusomesha, anayetaka kuanza kupata pesa mapema na kurudi.

Kwa hali yako

Kama umemaliza intanshipu na huna kazi wala akiba, usianze na NCLEX kwa pesa za chama au mkopo wa simu. Tafuta kwanza kazi yoyote ya wodi, hata ya muda katika hospitali ndogo ya Eastlands, uanze kuhesabu ile miaka miwili, na jioni ufanye mazoezi ya kuandika ya OET au IELTS. Hilo litakufaa utakakoenda kote.

Kama una kazi ya kaunti au ya hospitali binafsi, na mwenzi na watoto ambao hutaki kuachana nao, NCLEX inakuruhusu kusubiri ukiwa bado unapokea mshahara hapa. Usijiuzulu siku utakayofaulu.

Kama Kiingereza chako cha kuandika ni kizuri, jaribu OET moja kabla ya kufanya lolote lingine. Ukipata alama, Uingereza iko karibu kuliko unavyodhani, na tangu 2025 Australia imefungua njia fupi kwa wauguzi waliosajiliwa na kufanya kazi Uingereza kwa saa za kutosha, bila kurudia mitihani.

Kama wazazi wanakutegemea sasa hivi na una uzoefu, Ghuba kwa mkataba mmoja si aibu. Nawajua waliosoma NCLEX katika chumba cha Riyadh na kulipia ada zote kwa mshahara wa huko.

Na kama tayari umeanguka mara moja, usilipe tena wiki hii. Toa ripoti ya matokeo, tia alama kila sehemu iliyo chini ya kiwango, kisha fanya maswali 50 kwa siku ya sehemu hizo peke yake kwa wiki nne, ukisoma maelezo ya kila jibu, hata yale uliyopata. Mimi nilifanya hivyo kwenye meza ya jikoni, saa kumi na moja alfajiri kabla ya kushika matatu ya Ngong Road, na jaribio la pili nilifaulu.